Dark Sun kwa vijana wa leo: sanduku la 1991, la 1995 au kitabu cha 2010?

MtupaDadu: Wakuu, habari za jioni. Nina vijana sita wa kidato cha tatu na cha nne, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila Jumamosi. Wamechoka na misitu na ngome za Kizungu. Nataka kuwapeleka Athas, dunia ya Dark Sun: jangwa, chuma ni adimu, na mchawi akifanya uchawi kwa pupa mimea iliyomzunguka inageuka majivu. Toleo la tano la mchezo lilipoanza 2014 halikuja na dunia hii, kwa hiyo kanuni nitazirekebisha mwenyewe. Ninayo matoleo yote matatu. Nijenge juu ya lipi?

MamaKete: La 1995 liache. Lilifuata riwaya za Dark Sun, na humo wafalme wachawi kadhaa wanaotawala miji ya Athas wameshauawa na mashujaa wa kwenye vitabu. Utakuwa umewaalika vijana harusini wakati maturubai yanashushwa. Kitabu cha 2010 kilirudisha saa nyuma: Kalak wa Tyr ndiyo kwanza ameuawa, mji wake umeonja uhuru, na wafalme wa miji mingine bado wamekalia viti vyao. Hapo kuna kazi ya kufanya.

Jangwani91: Nakuelewa dada, ila sanduku la 1991 lina makali ambayo la 2010 liliyapunguza. Kila mchezaji anaandaa wahusika wanne, maana kufa kumetarajiwa. Uwezo wa mhusika unapigiwa dadu tano za pande nne, hivyo anaweza kufika 20, na anaanzia daraja la tatu. Bado jangwa linamshinda. Mara yangu ya kwanza, mwongozaji aliweka jagi la maji katikati ya meza. Kila siku ya safari iliyopita alimimina kikombe kimoja kwenye ndoo, kimya kimya. Siku ya nne tuliacha kabisa kuzungumzia hazina. Mhusika wangu alikufa kwa kiu kabla hatujamwona adui hata mmoja, na hadi leo namkumbuka kuliko wahusika wangu wote walioishi.

MamaKete: Hilo jagi atumie, ni zuri mno. Lakini hesabu za zamani, ambapo kinga ikiwa bora namba inashuka, zitawakimbiza. La 2010 lina kanuni ndogo ninayoipenda: dadu ya shambulio ikiangukia 1 unaruhusiwa kuitupa tena, lakini silaha yako ya mfupa au ya jiwe inavunjika. Kijana anaelewa uhaba wa chuma bila kuhubiriwa.

MwanaBagamoyo: Naomba niseme jambo zito kidogo. Athas imejaa watumwa. Mul, chotara wa binadamu na dwarf (mbilikimo wa hadithi), wanazalishwa makusudi kwa kazi ngumu na kwa viwanja vya mapigano. Kwetu Bagamoyo njia za misafara ziliishia pwani yetu, kwa hiyo hili kwangu si pambo la hadithi. Hata hivyo nakuomba usiliondoe. Bila hilo wafalme wale wanabaki vizee vikali tu. Tazama Spelljammer ya 2022, dunia nyingine ya mchezo huu, ya safari za angani: hadozee, watu wenye sura ya nyani, waliandikiwa asili mpya ya kutekwa na mchawi na kubadilishwa kwa dawa, kisha wakatoroka kwa msaada wa wanafunzi wake. Wachezaji walilalamika, wachapishaji wakaomba radhi na kuifuta Septemba mwaka huohuo. Kilichonichoma mimi ni kwamba waliotekwa walihitaji huruma ya wanafunzi wa mchawi ili wakombolewe. Kwako wewe, mtumwa awe na jina, na mpango wake uwe umeanza kabla wachezaji hawajafika.

Jangwani91: Nakubaliana na Bagamoyo kwa asilimia zote.

MtupaDadu: Asanteni sana. Nimeamua: Tyr ya 2010, wahusika wanne kila mmoja kama 1991, na jagi mezani. Nitaongea na vijana kuhusu utumwa kabla hatujaanza, na aliyepanga uasi wa kwanza atakuwa mul mwanamke anayepika kwenye kambi ya wapiganaji. Sarafu za Athas ni za udongo wa kuchoma, zinavunjwa vipande kumi. Leo mchana nimempa mfinyanzi wa mtaani oda ya sarafu thelathini, kila moja na mistari ya kuvunjia. Ameniuliza ni za mahari ya nani.