MJADALA: Miaka mitano unaandika programu, bado chipukizi. Kosa la nani?

Kokwa
Wakuu, salaam. Tubishane bila matusi. Mtu ana shahada, ana miaka mitano ofisini Dar au Nairobi, PHP (lugha ya kuandikia tovuti) na Laravel (kiunzi chake) anazijua, lakini kila usaili wa nafasi ya mwandamizi anaishia raundi ya pili. Wapo wanaosema ni cheti, wapo wanaosema ni kujuana. Mimi nasema kazi zenyewe hazimkomazi. Anajenga tovuti ya shule, anakabidhi, analipwa, anahamia ya hoteli. Ya ishirini anaijenga kama ya kwanza, maana hajawahi kukaa na hata moja ikamwonyesha alipokosea.

Chukua malipo ya simu. Chipukizi akiambiwa aunganishe duka na pesa za simu, huandika hivi: ujumbe wa uthibitisho ukifika, ongeza kiasi kwenye salio la mteja. Anajaribu mara tatu, inakubali, anakabidhi. Siku seva ikichelewa kujibu, ujumbe uleule unaweza kuja tena. Mteja kalipa 25,000, salio linasoma 50,000. Au haufiki kabisa: mteja kakatwa, mzigo hana.

Mwandamizi anaanza na namba ya muamala. Safu ya namba hiyo kwenye hifadhidata anaiwekea sharti la upekee, ili ya pili ikija ikataliwe na hifadhidata yenyewe. Kukagua ndani ya msimbo tu hakutoshi, kwa sababu jumbe mbili zikigonga kwa pamoja, kila moja inakuta mwenzake bado hajaandikwa, zote zinapita. Kisha ujumbe unahifadhiwa kama ulivyokuja, mtandao wa simu unajibiwa upesi, hesabu inafuata nyuma. Usiku kuna kazi ya kulinganisha miamala ya siku nzima na taarifa ya mtandao wa simu. Haya kozi ya wiki 12 haiyagusi.

Jembe_Halimtupi
Mkuu Kokwa, hoja ya kiufundi nzuri, ila unamlaumu aliyenyimwa. Angalia ngazi zenyewe. Serikalini Tanzania unaingia Afisa TEHAMA Daraja la II. Bila shahada mlango huo hupiti, hata kama mifumo ya nusu ya mtaa umeijenga wewe. Ukishaingia, kupanda kunasubiri ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti, na hakuna anayekuuliza habari za sharti la upekee.

Kwenye kampuni nyingi binafsi ni tabu nyingine: juu ya mwandamizi kuna cheo kimoja tu, umeneja. Ukitaka nyongeza ya maana unaacha kuandika programu, unaanza kusaini fomu za likizo. Yaani fundi anang'olewa kwenye ufundi pale tu anapoanza kuiva, halafu tunashangaa chipukizi hawana wa kuwakagulia kazi!

Bi_Terminali
Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba wote kwenye timu wanapewa kazi sawa. Anayebisha afanye hesabu hii: fungua historia ya Git (inayoonyesha nani aliandika msimbo gani) na ubao wa kazi wa miezi mitatu iliyopita. Mbele ya kila jina andika aina ya kazi aliyopewa: kipengele kipya, kurekebisha hitilafu, kuandika maelekezo, kuhudumia wateja, kuandika kumbukumbu za kikao. Aghalabu mtakuta majina ya kike yamerundikana kwenye hizo tatu za mwisho. Halafu kwenye usaili tunaulizwa, "Mfumo gani mkubwa uliusanifu?"

Na zamu za usiku, za kuinua mfumo ulioanguka, ndizo zinazofundisha kuliko kozi yoyote, kwa sababu saa nane usiku hakuna wa kumuuliza. Kampuni inayotaka mtu afike ofisini saa hiyo lakini hailipi teksi, wala haimpi njia salama ya kuingia kwenye seva akiwa nyumbani, imeshachagua nani atajifunza.

Kokwa
Dada, hapo kwenye zamu umenikamata. Nilisema mtu hajakaa na mfumo, sikuuliza nani alimzuia kukaa nao.

Mzee_wa_Logi
Wajukuu, wakati mnangoja kampuni ibadilike, kodi seva ndogo. Kwa mwezi ni dola chache tu. Weka mfumo ambao watu watautumia kweli, mathalani michango ya kikoba cha mtaani, na uutunze mwaka mzima.

Nakala rudufu ichukuliwe kila usiku, na mara moja kwa mwezi uirejeshe kwenye seva tupu. Wengi wana nakala ambazo hawajawahi kuzifungua, wanagundua ni mafaili matupu siku diski imekufa. Pesa usizihifadhi kwa namba za desimali elea (floating point), ambazo hukadiria tu: kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba hizo inakupa 0.30000000000000004. Tumia namba kamili au aina ya desimali ya hifadhidata.

Kisha jaza jedwali safu mlalo 1,000,000 za kubuni, tafuta namba moja ya simu, tanguliza EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha utafutaji umefanyikaje na kwa muda gani) kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ukiona Seq Scan, hifadhidata inapekua jedwali zima. Weka faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu ya simu, rudia, linganisha muda. Usiweke faharasa kila mahali, kila moja inachelewesha uandishi.

Na kila ombi linalotoka nje liwe na kikomo cha kusubiri. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ya ukanda huu ilizorota. Hali kama hiyo ombi lisilo na kikomo linashikilia nafasi yake kwenye seva, foleni inajaa, hata kurasa zisizohitaji mtandao wa nje zinagoma.

Mfumo ukianguka, andika ukurasa mmoja: ulianguka saa ngapi, nani aligundua, sababu, umebadilisha nini. Kurasa nne za hivyo zina uzito kwenye usaili kuliko vyeti kumi vya mtandaoni.

Jembe_Halimtupi
Shikamoo Mzee. Ila huo mwaka wa kutunza kikoba anaulipia nani? Bando lake, umeme wake, usiku wake, baada ya saa tisa za ofisi na mbili za foleni ya Mbagala. Kazi za mbali nazo mnazisifia tu: San Francisco iko nyuma yetu saa 10 au 11, kikao chao cha asubuhi kwako ni usiku. Berlin tofauti ni saa moja au mbili, afadhali huko.

Mzee_wa_Logi
Marahaba. Hilo la nani analipa sina jibu la kukuridhisha.

Bi_Terminali
Basi tuwatupie waajiri. Kwenye usaili, wakishamaliza maswali yao, wao wajibu haya: mfumo ukianguka usiku anaamshwa nani, analipwa kiasi gani kwa zamu, na kuna ngazi gani kwa asiyetaka umeneja? Wakitazamana, ujue zamu yako haijawahi kupangiwa fungu.