Tupeane uzoefu: wimbo wa "Zombie" uliuelewaje kabla hujajua maana yake?

Mtoto wa Kota
Jana jioni nilikuwa kwenye teksi narudi Kireka, dereva akafungulia redio, mara ukaingia ule wimbo wa "Zombie" wa The Cranberries, bendi ya Ireland. Nilipitiliza stejini kwangu bila kujijua.

Nilikuwa P6, darasa la sita, mwaka 1998, tunakaa kota za jeshi, mzee wetu sajenti. Kaka yangu aliurekodi redioni, akaubandika juu ya kanda ya kwaya ya mama. Tukawa tunaucheza kila mzee akiwa zamu. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, tulichokuwa nacho ni lile neno moja la kiitikio, tunalipigia kelele mpaka jirani anagonga bati.

Siku hiyo mzee akarudi mapema. Akasimama mlangoni na buti zake, anasikiliza. Akasikia mabomu, akasikia bunduki, akasikia zombie. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Nani anawatukana askari ndani ya nyumba ya askari?" Kaka akasema ni yeye. Mzee akachomoa kanda, akaanza kuvuta utepe kwa kidole, anavuta tu, mpaka ukajaa sakafuni kama utumbo wa kuku. Kisha mkanda wa kiunoni. Mwezi uliofuata kaka alihamia kwa mjomba Jinja, na yeye na mzee hawakuongea vizuri tena hadi mzee anazikwa, 2011.

Nataka kusikia kwenu. Mliuelewaje? Na huo wimbo unamtukana askari kweli?

Nakato wa Bombo
Kota, kanda, mkanda wa mzee. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Naishia hapo.

Mwalimu Mstaafu, Masaka
Mtoto wa Kota, pole sana. Mzee wako nadhani alichanganya nyimbo mbili zenye jina moja.

Wa kwanza ni wa Fela Kuti wa Nigeria, 1976. Huo ndio unaowasema askari waziwazi: mtu anayeambiwa geuka anageuka, simama anasimama, ua anaua, hana akili yake. Februari 1977 wanajeshi waliivamia nyumba yake Lagos wakaichoma, na mama yake mzazi akatupwa kutoka dirishani. Mwaka uliofuata akafariki. Huenda askari wa rika la mzee wako alizisikia habari hizo.

Wa pili ni huo wenu, wa 1994. Dolores O'Riordan, mwimbaji wao, binti wa Ireland kutoka Limerick, aliutunga baada ya mabomu ya Warrington, Uingereza, tarehe 20 Machi 1993. IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, waliyaficha kwenye mapipa ya takataka katika mtaa wa maduka. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake ni Sikukuu ya Mama kwao, watu wako madukani. Mtoto wa miaka 3 alikufa palepale, mwingine wa miaka 12 akafa siku tano baadaye. Ule mwaka 1916 mnaousikia katikati ya wimbo ni uasi wa Pasaka mjini Dublin, Waireland dhidi ya utawala wa Uingereza. Anasema ni ugomvi uleule tangu wakati huo. Kwa hiyo zombie wake ni yeyote anayeua kwa sababu ya vita alivyorithi kichwani, awe na sare au asiwe nayo.

Kijana wa Arua
Basi mzee hakukosea! Vifaru anavyoviimba ni vya nani? IRA hawakuwa na vifaru. Vifaru ni vya serikali. Na kwenye video wamo askari wa Uingereza kwenye mitaa ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, na watoto wanacheza vita ukutani. Wimbo unawagusa wote wawili.

Mwalimu Mstaafu, Masaka
Kijana, hoja yako ya vifaru naikubali. Ila kilichomtoa machozi huyo binti ni watoto wa Warrington. Usianzie kwenye kifaru.

Kijana wa Arua
Mwalimu, kwa heshima yako, mtunzi akishaachia wimbo hana tena mamlaka nao. Na kuna Waireland wenzake waliomlaumu, maana anaimba kwamba si yeye, si familia yake, kama mtu anayenawa mikono.

Ssenga wa Mukono
Mnagombana bure. Kadongo kamu, muziki wetu wa Buganda, mtu anakaa na gitaa lake moja anakusimulia mwanzo mpaka mwisho, nani alioa, nani alikimbia na mali, unalia unajua unalilia nini. Hizi roki wanakupa mistari sita halafu ukavunje kichwa.

Ila nina langu. Mpwa wangu alipotambulishwa, siku ya kwanjula, bwana harusi anapotambulishwa kwa wazazi wa binti, waliingia na ule wa bendi ya The Police wa 1983, "Every Breath You Take", kila pumzi unayovuta nitakuwa nakuangalia. Watu wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa na mkeka wangu nimeganda, kwa sababu aliyekuwa mume wangu alinitumia wimbo huohuo kwenye simu kila usiku baada ya kuachana, na asubuhi namkuta amesimama ng'ambo ya barabara. Sting mwenyewe, mtunzi wake, ameshasema si wimbo wa mapenzi mazuri, ni wa mtu mwenye wivu anayechunga mwenzake. Wanaharusi, someni maneno kwanza!

Dijei wa Ntinda
Ssenga, nikisoma maneno yote sitapiga hata wimbo mmoja. Ushauri wangu, waombe wapige ala peke yake.

Hajj Mdogo
Na Freddie Mercury wa Unguja, yule wa bendi ya Queen? Ule wake wa 1975, "Bohemian Rhapsody", una Bismillah kabisa. Yule ni wetu, anakemea shetani.

Kijana wa Arua
Kuzaliwa Unguja, ndiyo, 1946. Lakini familia yake ni Waparsi, dini ya Zoroasta. Na hakukubali kamwe kueleza maana ya wimbo ule.

Hajj Mdogo
Bismillah ni Bismillah. Nani aliyekuomba historia ya ukoo?

Omera wa Gulu
Nimesoma tangu jana, nikafunga, nikafungua tena. Naomba niandike.

Mimi ni wa pembeni mwa Gulu. Kaka yangu alichukuliwa na waasi 2002 akiwa na miaka 14. Mimi na dada zangu tukawa wale watoto wa kutembea jioni, unabeba blanketi unakwenda kulala mjini, asubuhi unarudi shamba na shule. Tulilala Lacor, ndani ya ua wa hospitali, maelfu ya watoto, ukijigeuza unamgeuza na mwenzako.

Kaka alirudi 2004. Nyumbani wazee walimkanyagisha yai, kama desturi yetu Waacholi, yai juu ya tawi la opobo, na layibi, ule mti wa kufungulia ghala. Alikanyaga. Mama alilia kwa furaha. Lakini usiku alikuwa halali. Anakaa ameegemea ukuta, macho mlangoni. Mama akasema ni cen, roho za waliouawa zimemfuata.

Jioni moja tulikwenda kununua sabuni, redio ya duka ikaweka huo wimbo. Nilikuwa S2, kidato cha pili, najua Kiingereza kidogo. Kaka akaniuliza, huyu mwanamke analia nini? Nikamwambia, anauliza kuna nini kichwani mwako. Akaniuliza, na zombie ni nini? Nikatafuta neno, nikasema ni mtu aliyekufa ila bado anatembea.

Aliketi chini palepale, kwenye ngazi ya duka, sabuni mkononi. Akasema, "Alijuaje?"

Usiku ule alizungumza kwa mara ya kwanza, mpaka jogoo wanawika. Aliyoyasema sitayaandika, ni yake. Ila mwalimu, nilipokuja kujua habari za Warrington miaka mingi baadaye, sikuona kama nilimtafsiria vibaya.

Nakato wa Bombo
Nimeweka simu chini. Pole, omera.

Mwalimu Mstaafu, Masaka
Hukutafsiri vibaya. Nilifundisha Kiingereza miaka 31 na sijawahi kutafsiri hivyo. Kaka anaendeleaje?

Omera wa Gulu
Ana watoto wanne, analima ufuta. Usingizi bado ni wa vipande.

Dada wa Lira
Mwambie asisikilize tena huo wimbo. Mambo ya kichwa hayachokonolewi.

Ssenga wa Mukono
Dada, hapana! Ndio uliomfungua mdomo. Mwache ausikilize, ila asiwe peke yake.

Dijei wa Ntinda
Alime ufuta, ale ufuta, alale mchana. Nasema kwa moyo mmoja, na mimi ni mtoto wa Kitgum.

Hajj Mdogo
Nimeacha mambo ya Freddie. Mungu amlinde kaka yako.

Kijana wa Arua
Mwalimu, vifaru nimeviacha.

Mtoto wa Kota
Baada ya Omera nimempigia kaka Jinja, sa tano usiku. Nikamweleza habari za Fela, kwamba huenda mzee aliogopa, kwamba huenda aliona sisi ndio tutachomewa nyumba. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

Kisha akasema ile kanda anayo. Siku ile mzee alipotoka nje yeye aliukusanya ule utepe wote kwenye mfuko wa shati, na kwa mjomba akaurudisha kwa kalamu ya Bic, jioni tatu nzima. Hajawahi kuucheza. Anasema upande wa pili bado kuna sauti ya mama, kwaya ya Pasaka. Mama alifariki 2003, hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Nani anajua fundi wa redio kaseti Kampala ambaye hatautafuna ule utepe?

Dijei wa Ntinda
Jaribu Katwe, kwa wazee, si kwa vijana. Na usimwachie kanda, keti naye mpaka amalize.