Kesho tarehe 24 nina safari tano na baba mkwe anashuka Nane Nane, nianzie wapi?

mama_watatu_Itezi
Jamani wa Mbeya nisaidieni mawazo kichwa kimegoma. Kesho ndo mkesha wa Krismasi na kwangu hata kitunguu hakuna. Nguo za watoto watatu ziko kwa fundi Mwanjelwa, aliniambia Jumatatu, Jumatatu akasema Alhamisi, leo simu hapokei. Binti hajasukwa. Shangazi katuma mchele kilo 20 toka Kyela kwenye kosta niuchukue stendi Nane Nane. Jioni kuna sendofu ya mdogo wa rafiki yangu pale Soweto na hela ya keki nimeshika mimi, so siwezi kukimbia. Afu sasa baba mkwe nae anakuja toka Tukuyu mchana na mume wangu yuko zamu mpaka saa moja usiku. Yule mzee ni Mnyakyusa wa zamani kwelikweli, yani yeye na mkamwana hawasogeleani, akiingia sebuleni mi natokea jikoni. Mwaka juzi tulikutana mlangoni uso kwa uso nikarudi kinyumenyume na sufuria la makande mkononi mpaka nikamkanyaga paka. Huyo ndo nikampokee stendi nipande nae bajaji moja? Siti ya bajaji si mnaijua jamani.

bajaji_Sae
Anza na fundi dada. Saa moja asubuhi uwe umeshakaa kwenye benchi lake na usinyanyuke, ukisema tu "ntapita baadae" anashika suruali ya aliyekaa mbele yake. Afu uwe umetoka Mwanjelwa kabla ya saa tano, mi hii barabara ndo ofisi yangu, tarehe 24 malori ya Tunduma yamo, na hii njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi wamechimba kila mahali, ukichelewa utakaa kwenye foleni pale kituo cha Mama John mpaka uzeeke. Mchele uwe wa mwisho, Nane Nane si unaipita ukirudi kwako, sasa kuzunguka na kilo 20 kwenye tope la Disemba ni kujitesa.

Ipogolo_kwetu
Mi niko Iringa ila huyo paka kaniua 😂😂 Binti msuke leo leo usiku, mpige twende kilioni mistari sita basi, nani atamwangalia kichwa wakati kuna pilau. Na shukuru mgeni wako anatoka Tukuyu hapo karibu, wangu mwaka jana walitoka Dar lori likalala kwenye kona Kitonga, tumepasha kuku mara tatu mpaka ikabaki mifupa.

bibi_wa_Rungwe
Mwanangu ugonile. Hiyo ya mkwe usiende kuivunja stendi mbele za watu, mzee ataona aibu kuliko wewe. Mtume mjukuu wake akamshikie begi, babu na mjukuu ndo marafiki. Wewe hakikisha tu akifika kuna maji ya moto ya kuoga, mvua hii na baridi hii, na ndizi ziwe zimeiva vizuri sio zile za kukaza taya.

mama_watatu_Itezi
Ndaga fijo bibi, asante sana. Ila mkubwa ana miaka 11, stendi siku kama kesho naogopa.

bajaji_Sae
Aje na baba yake mdogo au jirani mtu mzima, mi ntawasubiri pale nje.

mama_watatu_Itezi
MREJESHO, saa tatu usiku niko chooni Soweto ndo napata nafasi ya kuandika. Fundi nilimkuta, nguo mbili zimekamilika, ya tatu ina mkono mmoja, kanipa na kitambaa kilichobaki, sijui nikifanyie nini. Keki imefika. Sasa mzee. Kumbe kapanda kosta ileile yenye mchele wa shangazi, kafika saa sita kasoro, jirani na mwanangu ndo kwanza wanavaa viatu. Kaulizia konda mzigo wa nani huu, akasikia jina langu, kabeba mchele kapanda nao bodaboda mpaka nyumbani. Nimerudi nakuta kakaa juu ya kiroba barazani kwa jirani. Nikazunguka nyuma ya nyumba na limkono la gauni begani, nikamtuma mtoto salamu. Mtoto karudi anasema babu kaitikia, na anauliza kama yule paka alipona.