Nitumeje faili la GB 18 kutoka Arua mpaka Kampala?

kijana_wa_westnile: Banange ndugu zangu naombeni ushauri. Nimerekodi harusi, video nzima imekaa GB 18, faili moja tu, na jamaa anayenieditia yuko Kampala anaitaka kabla ya Jumapili. Imeili imegoma. Nimeizipu, imepungua kidogo mpaka nikacheka. Bando langu haliwezi mzigo huu na umeme wa huku mnaujua. Nyie mnafanyaje?

mama_mitandao: Pole mdogo wangu. Gmail mwisho MB 25, hiyo sahau. Kuzipu video ni kujichosha tu, MP4 imeshabanwa tangu kwenye kamera. WhatsApp inabeba mpaka GB 2 kwa faili, Telegram ya bure nayo hivyo hivyo, ila WhatsApp tuma kama dokumenti maana ukituma kama video inaibana na bibi harusi anabaki ukungu mtupu.

Ssebo256: Si aweke Google Drive atume linki, kwisha maneno

mama_mitandao: @Ssebo256 Drive ya bure ni GB 15, na humo humo kuna imeili zake na picha zake. Yeye ana 18.

fundi_kebo: Pigeni hesabu kwanza. Laini ikipandisha Mbps 2, na hizo ni megabiti kwa sekunde siyo megabaiti (baiti moja ni biti nane), wauza bando wanapenda tusijue tofauti, GB 18 ni saa 20 hivi bila kukatika hata kidogo. Basi la usiku likitoka Arua jioni asubuhi liko Kampala! Itume na basi hilo kwa flashi ya GB 32, ila uifomati exFAT kwanza (ni mpangilio wa kuhifadhi mafaili), kwa sababu nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32 na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, itakwambia faili ni kubwa mno na nafasi unaiona tele. Nakala ya kwako ibaki kwenye laptopu mpaka jamaa aseme imefunguka.

kijana_wa_westnile: Sawa mzee, lakini wenye harusi hawataki ionekane kokote, ikiokotwa je?

fundi_kebo: Ifunge na 7-Zip, ile programu ya kuzipu mafaili, uweke paswedi, halafu hiyo paswedi mpigie simu, usiiandike kwenye bahasha 😂 Hiyo hiyo 7-Zip inakata vipande, ukitaka Telegram kata vya GB 1.9, vitatoka kumi, lakini bando utalipa wewe.

Ssebo256: Na risiti ya kifurushi cha flashi chukua, ipige picha umtumie jamaa, ofisi za basi bila hiyo hawakupi kitu