Naomba ushauri: nipeleke andiko langu kwa mfadhili yupi?

Mwanauzamivu: Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninasomea uzamivu katika uchumi wa kitabia, na andiko langu linahusu ujumbe mfupi unaowakumbusha watu kuweka akiba. Zimebaki siku tisa dirisha la maombi lifungwe, nami nimeshindwa kuchagua kati ya shirika la Russell Sage la Marekani na J-PAL, mtandao wa watafiti wanaofanya majaribio ya kupunguza umaskini. Hata usingizi umenipaa.

Msomaji Makini: Russell Sage, lililoanzishwa mwaka 1907, hutazama zaidi maisha ya watu wa Marekani. J-PAL nayo haimpi mwanafunzi ruzuku akiwa peke yake. Humtaka msimamizi awe miongoni mwa watafiti wake au walioalikwa. Msimamizi wako yumo?

Mwanauzamivu: Yumo.

Mama Hojaji: Mwanangu, usiione ERC, yaani Baraza la Utafiti la Ulaya, ukaitamani mapema. Ruzuku yake ya kuanzia hufika euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, lakini ni ya waliokwisha kupata uzamivu. Mimi nilikataliwa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu sikueleza nilivyoipata idadi ya washiriki. Nililia, kisha nikajifunza kukokotoa.

Mzee wa Takwimu: Hujasema jaribio utalisajili lini, yaani kuiandika dhana yako hadharani kabla ya kuona data.

Mwanauzamivu: Nitalisajili wiki hii.

Mzee wa Takwimu: Na data utaanza kukusanya lini?

Mwanauzamivu: Sikukusudia kulisema hili. Data ninazo tayari, za watu 412, kwa kibali cha kamati ya maadili na kwa fedha za kukopa. Kwa jumla ujumbe haukuleta tofauti, ila kwa wanawake ulileta, kwa hiyo dhana nimeiandika hivyo. Ruzuku itanirudishia gharama. Data ni za kweli, sijabuni hata namba moja.

Mzee wa Takwimu: Ulichambua makundi mangapi kabla ya kufika kwa wanawake?

Mwanauzamivu: Kama kumi.

Mzee wa Takwimu: Ndugu yangu, ukipima makundi kumi yasiyotegemeana kwa kiwango cha asilimia 5, yaani kila kipimo kina nafasi 5 kati ya 100 ya kukudanganya, ilhali ujumbe hauna athari yoyote, uwezekano wa angalau moja kukuonyesha athari kwa bahati tu ni takriban asilimia 40. Sajili ya majaribio ya chama cha wanauchumi wa Marekani, iliyopo tangu 2013, huonyesha tarehe ya kusajili, na hapo kila mtu atauona mpangilio wako.

Jicho la Tatu: Mimi nina shaka na uzi huu. Mwanafunzi wa uzamivu hajui hayo? Huenda sisi ndio washiriki, na anatupima kuona nani atamhimiza adanganye.

Mama Hojaji: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Mwanauzamivu: Sipimi mtu. Majedwali yako mbele yangu sasa hivi. La kwanza lina tofauti inayokaribia sifuri. La jinsia nililitengeneza saa nane usiku, baada ya kuliona la kwanza. Nikiandika kwamba data zipo, nani atanipa fedha?

Msomaji Makini: Kuna ruzuku za majaribio ya awali na kuna za utafiti kamili. Ulichonacho kiite cha awali, yataje makundi yote kumi, kisha uombe fedha za kuipima dhana ya wanawake kwa washiriki wapya. Deni lako halimo humo, na hilo ulilikubali ulipokopa.

Mwanauzamivu: Tatizo ni kwamba msimamizi amekwisha kulisoma andiko, na nilimwambia data bado.

Mzee wa Takwimu: Basi mwandikie yeye kwanza, leo hii, na umwambatishie majedwali yote mawili.