Copenhagen mpaka Höganäs kwa siku moja na mizigo, inawezekana?

Pedali_Taratibu
Habari wakuu. Mwezi wa sita natarajia kupita na baiskeli pale Øresund, ule mlango wa bahari kati ya Denmark na Sweden, nalala Copenhagen alafu asubuhi nafuata Strandvejen, ile barabara ya pwani, mpaka Helsingør, navuka na kivuko kwenda Helsingborg upande wa Sweden, na kama miguu bado inadai nasogea mpaka Höganäs nikapige hema. Kwenye ramani ni kilomita 70 hivi, sio nyingi, ila mzigo wote na hema unafika kilo 20, na safari iliyopita Ujerumani, kutoka Lübeck kwenda Wismar, niliteseka sana, kilomita zilikuwa za kawaida tu lakini niliingia mjini giza limeshashuka, goti la kulia linawaka moto, na miji niliyoipita nusu yake hata sura siikumbuki wakati miji ndio nilikuwa nimeifuata. Waliopita huku naomba mnisaidie, siku kama hii mnaigawaje? Na je siwezi kukata moja kwa moja kwa lile daraja la Øresund?

Upepo_wa_Kusi
Mkuu daraja sahau, tangu lifunguliwe 2000 ni la magari na treni tu, baiskeli haipiti, labda uipakie kwenye treni. Kivuko cha Helsingør ndio penyewe, maji pale ni membamba, kama kilomita 4, ukikaa dakika 20 umeshashuka Sweden.

Kuhusu siku yenyewe, mimi nilifanya kosa kama lako, nilihesabu kilomita nikasahau kuhesabu miji. Copenhagen mpaka Helsingør ni kilomita 45 hivi, kwa mwendo wa 15 kwa saa unasema masaa matatu nimemaliza, nilitumia karibia sita. Kutoka mjini tu ni taa baada ya taa, alafu unafika Klampenborg unaona bahari, unashuka, mkabala ndio kuna Dyrehaven, ule msitu wa zamani ambao wafalme walikuwa wanawindia, paa wanatembea makundi makundi na huwezi kupita bila kuingia, baadae Humlebæk kuna jumba la sanaa la Louisiana ambalo peke yake linakula masaa mawili. Kwa hiyo chagua vituo viwili tu kabla hujaondoka, hivyo vipe muda wa kutosha kabisa, kaa chini, kula, angalia watu, kwingine pita. Mimi nilichagua Dyrehaven na ngome ya Kronborg pale Helsingør na mpaka leo nakumbuka harufu ya ile nyasi iliyolowa umande.

Angalia na upepo usiku wa kuamkia safari. Mara nyingi huku unatoka magharibi au kusini magharibi, hapo unakusukuma mgongoni kiasi. Ukigeuka ukawa wa kaskazini, baada ya Helsingborg unapigwa uso mtupu kandokando ya maji na zile kilomita 20 na kitu za kwenda Höganäs zinakuwa kama 40. Siku hiyo lala Helsingborg, usibishane nao.

Dada_Spoku
Kaka hilo goti usilichukulie poa. Kwanza pima siti, kisigino kikiwa juu ya pedali chini kabisa mguu unyooke, ukiona umekunja sana ndio hapo goti linapoumia, alafu ukiwa na mzigo tumia gia nyepesi miguu izunguke haraka, usikandamize gia nzito eti ufike mapema.

Kingine ni mawe. Mitaa ya zamani ya Helsingør ina mawe ya kupangwa, na mzigo wa nyuma unatikisika vibaya sana. Mimi nilianza kusikia tik tik tik nikadhani spoku imekatika, nikaangalia tairi nikaona nzima nikaendelea, kumbe bolti ya keria ndio inajifungua taratibu, nimekuja kugundua nikiwa kwenye kivuko, begi la kushoto limelala limebakiza kama upana wa kidole liguse spoku. Ningekuwa nateremka mlima sijui ingekuwaje. Tangu siku hiyo nikitoka kwenye mawe nashuka, nashika keria naitikisa kwa mkono, na spana ndogo inakaa mfukoni, sio chini ya begi.

Saa_Nne_Jua
Naongezea mambo ya sheria maana Denmark baiskeli ni nyingi na watu wana haraka. Kaa kulia, ukitaka kusimama nyanyua mkono kwanza ndio ufunge breki, la sivyo wa nyuma anakuvaa. Kukata kushoto usijichomeke katikati ya magari, vuka makutano moja kwa moja, simama kwenye kona ya mbele, alafu ndio ugeuke. Na pasipoti iwe karibu, wakati mwingine wanakagua mpakani.

Ukishavuka fuata vibao vya Kattegattleden, ile njia ya baiskeli ya pwani, inaanzia hapo hapo Helsingborg mpaka Göteborg, kama kilomita 390. Sweden kuweka hema usiku mmoja porini mbali na nyumba za watu inaruhusiwa, ila kwenye hifadhi na fukwe soma kibao kwanza. Denmark sio hivyo, huko tafuta kambi au vile vibanda vya mbao vya wasafiri. Na mwezi wa sita jua linazama karibia saa nne usiku, kwa hiyo mwanga unao, usikimbizane.

Pedali_Taratibu
Asanteni sana, hili la kuhesabu miji sikuwahi kuliwaza. Nimepanga hivi: natoka saa kumi na mbili asubuhi kabla barabara hazijajaa, Dyrehaven nakunywa chai, Louisiana naiacha roho inaniuma, Kronborg nakaa mpaka niridhike. Nikishuka Helsingborg kabla ya saa kumi jioni na upepo uko mgongoni nasogea Höganäs, vinginevyo nalala hapo. Siti nimeshaipandisha leo, sentimita mbili nzima ilikuwa chini.

Dada_Spoku
Sentimita mbili ni nyingi kuongeza kwa mkupuo, pandisha kidogo kidogo, na zungusha zungusha wiki nzima kabla hujaipakia mzigo.