Umejibiwa ovyo dukani: unashtaki au unanyamaza? Tupeane uzoefu

BintiKibokoni
Asalam aleikum, na hamjambo nyote. Jana nilikwenda Mtaa wa Biashara kutafuta doti mbili za leso za kupeleka harusini. Duka limejaa, nafahamu, ni mwisho wa mwezi. Nikamwomba kijana wa kaunta anifungulie doti moja nisome jina, maana leso ya harusi humpi mtu bila kujua imeandikwa nini, mama mkwe ataona umemtumia fumbo. Akanijibu mbele ya watu: "Mama, hapa si maktaba. Nunua ukasome kwako." Watu wakaangua kicheko. Nikaiweka leso, nikatoka.

Mwenye duka namjua, ni mzee mstaarabu, nikimwambia hatanyamaza. Ila kijana naye huenda ana wadogo zake wanamtegemea. Nimwambie mzee au niache? Nyinyi yaliwapata vipi na mlifanyaje?

MtuWaTononoka
Maktaba! Nimecheka kisha nikaona haya. Pole sana dada.

Shangazi_Tudor
Mwambie, unangoja nini? Leso isiyofunguliwa hainunuliwi. Unafungua, unasoma, unatazama pindo, unashika kitambaa kama kizito, ndipo unauliza bei. Huyo kijana akiuza viazi atakataza watu kuvigusa?

FundiWaTuktuk
Mimi maneno hayaniumi. Kinachonitia hasira ni chenji ya peremende. Natoa mia, chenji yangu shilingi kumi, keshia ananiwekea peremende mbili hata haniulizi. Siku moja nilizikusanya, nikazirudisha kaunta ile ile nilipie maziwa. Alikataa! Kwake ni pesa, kwangu ni peremende.

MtuWaTononoka
😂😂 Ulilipaje?

FundiWaTuktuk
M-Pesa. Tangu hapo kila kitu nalipa kwa M-Pesa, hata kiberiti.

BabaMapacha
Umetaja M-Pesa, umenikumbusha la mamangu. Wacha nilieleze lote maana mpaka leo linanichoma.

Mama ana miaka sabini na kitu, simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, anaishi Kisauni. Alikwenda supamaketi peke yake kwa sababu anapenda kuchagua unga wake mwenyewe. Akalipa kwa simu, akaweka nambari ya till na PIN taratibu kama nilivyomfundisha. Mesiji ya kuthibitisha ikachelewa. Mnajua siku ambazo mtandao unajivuta, pesa imeshatoka na mesiji haijaja. Keshia akamwambia akae pembeni. Mama akakaa pembeni. Foleni ikasonga, wakahudumiwa watu wote waliokuwa nyuma yake. Akauliza tena kwa upole, akajibiwa kwa sauti ya kusikiwa hadi mlangoni: "Nyanya, hapa hatuuzi kwa ahadi. Kama huna pesa sema huna." Mlinzi naye akasogea, eti asiondoke na mzigo.

Mama aliacha vitu vyote akapanda matatu. Mesiji iliingia akiwa amefika Kongowea. Pesa ilikatwa, bidhaa ziko kwao, na yeye hakuniambia chochote. Niliambiwa na jirani aliyekuwa dukani.

Nilikwenda kesho yake na simu ya mama mkononi. Sikupiga kelele. Nikamwonyesha meneja ile mesiji, ina nambari ya muamala, kiasi na saa. Akafungua rekodi za till yao, ikaonekana pale pale. Wakarudisha pesa. Nikamwambia pesa si tatizo langu, nataka huyo keshia amwombe mamangu msamaha kwa kinywa chake. Meneja akaniambia, "Tutampa barua ya onyo." Barua? Mamangu atakula barua?

PwaniTulivu
Subhanallah. Kwa mama mzee.

Shangazi_Tudor
Mimi ningekaa pale kaunta mpaka aombe msamaha, na foleni ingoje.

KeshiaMstaafu
Nasoma tu, lakini nimeshindwa kunyamaza. Nimekaa kwenye mashine ya supamaketi Nyali miaka mingi, nikaacha. Alilofanyiwa mama wa BabaMapacha ni kosa, sitetei. Lakini sikieni na upande wa ndani. Droo ikipungua jioni, unakatwa mshahara. Ukiruhusu mzigo utoke bila mesiji na pesa isionekane, ni wewe. Bei ya rafu na bei ya mashine zikitofautiana, aliyebandika ni mwingine, anayetukanwa ni wewe. Unasimama mpaka miguu inavimba, na mteja anakuja simu sikioni, anakutupia noti bila hata salamu.

Ukitaka kulalamika, lalamika na risiti. Risiti ina saa, ina nambari ya mashine, na mara nyingi ina jina la keshia. Malalamiko ya "yule msichana mweusi mrefu wa jana" yakifika kwa meneja, yanamwangukia yule ambaye meneja alikuwa anamtafutia sababu tangu zamani.

WakiliWaBaraza
Kisheria, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inamlinda mtumiaji, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Msikubali kunyanyaswa, nendeni mbele.

FundiWaTuktuk
Mbele wapi? Dada aende mahakamani aseme ameambiwa hapa si maktaba?

WakiliWaBaraza
Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai hadi shilingi milioni 1.

FundiWaTuktuk
Na "hapa si maktaba" ni shilingi ngapi?

KeshiaMstaafu
Wakili, Ibara ya 46 inazungumzia ubora wa bidhaa na huduma, habari unazostahili kupewa, afya na usalama, na fidia ukipata hasara. Rafu ikisema 120 na mashine ikasoma 150, hapo una kesi, na Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko ya bei za kupotosha. Mdomo mchafu peke yake utapoteza nauli.

WakiliWaBaraza
Huduma ni huduma. Katiba imesema ubora wa huduma.

KeshiaMstaafu
Haya.

MgeniKutokaBara
Mimi nilihamia Mombasa kwa kazi. Mwanzo niliona wauza maduka wote wa mjini wana kiburi. Naingia, "Nipe sukari kilo mbili," mtu ananitazama kama sijasema kitu. Jirani yangu wa Majengo akaniambia: salimia kwanza. Sasa naanza na habari za asubuhi, nahudumiwa mpaka nachaguliwa embe lililoiva.

Shangazi_Tudor
Umeona? Nyinyi wa bara mnaingia dukani kama mnavamia.

MgeniKutokaBara
Na nyinyi mnasalimiana mpaka barafu inayeyuka. Huyo wa leso aliombwa kwa adabu na bado akajibu upuuzi, naye si wa bara.

Shangazi_Tudor
Umemjuaje si wa bara?

PwaniTulivu
Jamani, hayo ya bara na pwani yaacheni. Dada ameuliza swali.

KijanaWaLikoni
Mimi nina kisa, someni kabla hamjamshauri dada.

Nilinunua viatu duka moja karibu na Mwembe Tayari. Wiki haikuisha, soli ikang'oka mbele ya watu kivukoni. Nikarudi navyo na risiti. Mama wa kaunta akavigeuza geuza, akaniambia, "Viatu vizima hivi. Mbovu ni miguu yako." Duka zima likasikia. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka. Hakuuliza mara mbili, akamwita, akamwambia vua koti la kazi uende. Nikatoka kifua mbele.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akapata mchumba Mtongwe. Tukajipanga, wajomba na kanzu zao, barua ya posa kwenye bahasha. Tukakaribishwa vizuri, tukasoma Fatiha, mambo matulivu. Pazia likafunguka, mama mdogo wa binti akatoka na sinia la sharubati. Alipofika kwangu hakunitazama usoni. ALINITAZAMA MIGUUNI.

Nashuka feri, nitamalizia.

MtuWaTononoka
Unashuka feri??? Rudi hapa!

FundiWaTuktuk
Nimeegesha tuktuk pembeni, abiria anateta. Malizia.

BabaMapacha
Huyu hana huruma.

PwaniTulivu
Posa ilipokewa?

KijanaWaLikoni
Nimefika. Akasema, taratibu tu, wajomba wakisikia: "Miguu imepona?" Mjomba mkubwa akadhani naumwa, akajibu kwa niaba yangu, "Alhamdulillahi, yuko salama." Mimi sharubati imenikwama. Mama akaingia ndani, na huko ndani tukasikia wanawake wananong'ona, kisha kimya, kisha kicheko.

Jibu lilichelewa sana. Mwishowe posa ilikubaliwa, ila mahari ilipotajwa mjomba alishika kichwa. Mpaka leo anaamini nusu ya mahari ile ni ya viatu vyangu.

FundiWaTuktuk
🤣🤣🤣 Miguu imepona!

Shangazi_Tudor
Umemtoa mtu kwenye riziki yake kwa soli.

KijanaWaLikoni
Shangazi, simkuti na kosa mtu aliyenunua kitu kibovu akasema. Alinitukana. Nilikuwa na haki, na kesho nitafanya vile vile.

Shangazi_Tudor
Haki ya viatu, sawa. Ulirudishiwa pesa?

KijanaWaLikoni
Hapana. Mwenye duka alinipa gundi.

KeshiaMstaafu
Hapo sasa. Kumfukuza mama hakumgharimu hata shilingi, kukurudishia pesa kungemgharimu. Akachagua la bure, nawe ukatoka kifua mbele na viatu vibovu. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe kosa lake na asikilizwe kabla ya kuachishwa, akiwa na mwenzake wa kazi. Yule hakusikilizwa.

FundiWaTuktuk
Kifungu cha 41 hakijafika Mwembe Tayari.

MtuWaTononoka
Dada, rudi umrekodi kwa simu akijibu vile, uweke Facebook. Kesho yake atakuwa malaika.

WakiliWaBaraza
Usirushe sura ya mtu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Utageuka wewe mshtakiwa.

MtuWaTononoka
Wakili leo umesema la maana.

BabaMapacha
BintiKibokoni, ushauri wangu: nenda baada ya alasiri duka likiwa tupu, mwambie kijana mwenyewe. Akikujibu vizuri, yameisha. Akirudia, panda kwa mzee.

Shangazi_Tudor
Usimwambie kijana chochote, atakuona mnyonge. Nenda kwa mzee.

PwaniTulivu
Mimi ningehama duka tu. Mtaa mzima unauza leso.

BintiKibokoni
Ahsanteni, mmenichanganya kuliko nilivyokuja. Kisa cha viatu kimenitisha, maana ndugu yangu naye anatafuta mchumba. Nimeona nitamwendea mzee lakini kijana simtaji. Nitamwambia kila leso mpya atundike doti moja imefunguliwa ukutani, watu wasome jina bila kumsumbua mtu. Akiniuliza nani kakuudhi, nitasema duka lilijaa.

KeshiaMstaafu
Mzee atajua tu ni nani. Lakini hilo la kutundika ni zuri, hata vijana wa kaunta watakushukuru.

Shangazi_Tudor
Siafiki, lakini ukienda nipitie Tudor twende wote, nami nataka doti.

FundiWaTuktuk
Nitawapeleka, mkilipa kwa M-Pesa. KijanaWaLikoni, mahari yenyewe ilikuwa ngapi?